Longitudo ya 40 Mashariki: Nchi, Bahari na Lugha Katika Mstari Mmoja

1.0 Utangulizi

Mistari ya longitudo ni mistari ya kubuni inayotoka Ncha ya Kaskazini hadi Ncha ya Kusini. Haionekani ardhini wala baharini. Huonekana katika ramani tu. Kwa sababu hiyo, mwanafunzi wa Kiswahili huiona kuwa mali ya wanajiografia na wanamaji, akawaachia wao. Makala haya yanachunguza mstari mmoja kati ya hiyo, yaani longitudo ya digrii 40 Mashariki, kwa nia ya kuonyesha kwamba una mengi ya kumfunza mwanaisimu pia. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba miji ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Angoche, imejipanga kandokando ya mstari huu, na kwamba mpangilio huo umeacha alama katika msamiati wa Kiswahili wa pande za dunia na katika mtawanyiko wa lahaja zake. Kwa ufupi, Kiswahili cha mwambao kilikua kwa kwenda kaskazini na kusini, ilhali mipaka ya kisiasa iliyokuja baadaye ilikikata kwa kwenda mashariki na magharibi.

Makala yataanza kwa kufafanua maana ya longitudo. Kisha yatafuata safari ya mstari wenyewe, nchi baada ya nchi na bahari baada ya bahari. Baada ya hapo yatachunguza maneno ya pande za dunia, hesabu ya saa, na hatimaye suala la mipaka na lahaja.

2.0 Maana ya Longitudo

Latitudo na longitudo huchanganywa mara nyingi, hata katika maandishi ya Kiswahili. Latitudo hupima umbali wa mahali kutoka Ikweta, kuelekea kaskazini au kusini. Ikweta yenyewe haikuchaguliwa na mtu, kwani iko pale ambapo mzunguko wa dunia umeiweka. Longitudo hupima umbali wa mahali kuelekea mashariki au magharibi, na hapa hakuna mwanzo wa kimaumbile. Sharti watu wakubaliane kuhusu mahali pa kuanzia kuhesabu.

Makubaliano hayo yalifikiwa katika mkutano uliofanyika Washington, Marekani, mnamo Oktoba 1884. Mataifa 25 yalihudhuria, na mstari unaopita Greenwich, Uingereza, ukachaguliwa kuwa sufuri. Kutoka bara la Afrika, ni Liberia pekee iliyoshiriki. Mwezi uliofuata, mkutano mwingine ulifunguliwa Berlin kujadili Afrika, nao haukuwa na mwakilishi wa miji ya mwambao. Hivyo basi, katika muda wa wiki chache, namna ya kuipima dunia na namna ya kuigawa Afrika zilijadiliwa mbali na wenyeji wa mahali ambapo mistari hiyo ingepita.

Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kwa kila saa, au digrii moja kwa kila dakika nne. Mahali pote palipo katika longitudo moja hupata adhuhuri kwa wakati mmoja. Neno meridiani, ambalo hutumiwa pia kuutaja mstari wa longitudo, lina asili yake katika neno la Kilatini linalohusu adhuhuri. Waarabu nao huuita mstari huo kwa jina lenye maana ya nusu ya mchana. Mwanafunzi akiambiwa kwamba meridiani ni “mstari wa adhuhuri”, hatauchanganya tena na latitudo, maana atajua kwamba wote walio juu ya mstari huo huliona jua likifika kileleni kwa pamoja.

3.0 Safari ya Mstari

3.1 Kutoka Aktiki hadi Bahari ya Shamu

Mstari wa digrii 40 Mashariki huanza katika barafu ya Bahari ya Aktiki, ukapita Bahari ya Barents na kuingia Urusi katika Rasi ya Kola, nchi ya asili ya Wasami, ambao wamejulikana kwa ufugaji wa kulungu wa baridi. Huvuka Bahari Nyeupe, kisha ukashuka katika nchi kavu ya Urusi, karibu na miji ya Vologda na Yaroslavl. Kusini zaidi huupita mji wa Rostov ulio kando ya Mto Don, na hatimaye kufika Bahari Nyeusi karibu na Sochi.

Ng’ambo ya Bahari Nyeusi ni Uturuki. Mstari huingia mashariki mwa mji wa Trabzon, hupanda milima na kuteremka katika maeneo ambayo Kituruki na Kikurdi husikika kwa pamoja. Nchini Syria huvuka Mto Furati karibu na mji wa Deir ez-Zor, kisha hukata pembe ya magharibi ya Iraki iliyo jangwa tupu, na kuingia Saudia.

Humo Saudia ndimo mnamo jambo linalowahusu Waswahili moja kwa moja. Mji wa Makka uko katika longitudo ya digrii 39.8 Mashariki. Mstari wa 40 hupita kilomita zipatazo 18 mashariki mwa Kaaba, karibu kabisa na Mlima wa Arafa ambapo mahujaji husimama siku ya tisa ya Mfunguo Tatu. Umuhimu wa jambo hili utafafanuliwa katika sehemu ya nne. Kutoka hapo mstari huteremka hadi Bahari ya Shamu.

3.2 Kutoka Dahlak hadi Gede

Upande wa Afrika, mstari huanzia katika visiwa vya Dahlak vya Eritrea. Baada ya nchi kavu ya Eritrea huingia Ethiopia, ukafuata ukingo wa bonde la Afar ambalo sehemu zake fulani ziko zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari. Haukai chini kwa muda mrefu, kwani kusini zaidi hupanda nyanda za juu za Bale, nchi ya Waoromo, karibu na mji wa Robe. Milima ya Bale ina kilele cha Tullu Dimtu chenye urefu wa mita 4,377. Basi katika nchi moja tu mstari hupita penye joto kali mno na penye baridi ya milimani.

Nchini Kenya mstari hupita karibu sana na mji wa Wajir, katika eneo la Wasomali, na kuikuta Ikweta kusini mwa hapo. Kisha huufikia Mto Tana. Kutoka Garissa mto huo huelekea kusini, na kwa masafa marefu mto na mstari huandamana. Mji wa Hola uko takribani juu ya mstari wenyewe. Hapa wanaishi Wapokomo na Waorma. Kipokomo, Kimijikenda, Kingazija na Kiswahili huwekwa na wanaisimu katika kundi moja la lugha za Kibantu liitwalo Sabaki, jina lililotokana na mto unaoingia baharini karibu na Malindi. Kwa hiyo mtu anayeufuata mstari kutoka kaskazini huacha lugha za Kikushi, yaani Kioromo na Kisomali, na kuingia katika ukoo wa Kiswahili kando ya Tana.

Mstari hufika pwani ya Kenya karibu na magofu ya Gede na hori ya Mida. Gede ulikuwa mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa kabla ya kuhamwa katika karne ya 17.

3.3 Baharini, kisha Sudi hadi Angoche

Kutoka Mida, mstari huingia Bahari ya Hindi na kubaki majini kwa zaidi ya kilomita 700. Hata hivyo, hauendi mbali na watu. Kilifi, Mombasa, Pemba, Unguja na Mafia zote zimeachwa upande wa magharibi, baadhi yake kwa masafa mafupi. Hii ndiyo njia ya majahazi ambayo kwa karne nyingi ilibeba boriti, nguo, vyombo vya kaure na pembe za ndovu, na kubeba maneno pamoja na bidhaa hizo. Ilibeba watumwa pia, na haifai kuisifu bahari hii bila kulitaja hilo.

Mstari hurejea nchi kavu kusini mwa Tanzania, karibu na Sudi na Mikindani, hupita nchi ya Wamakonde na kuuvuka Mto Ruvuma. Nchini Msumbiji hukata mikoa ya Cabo Delgado na Nampula, ukiwa umbali mfupi kutoka pwani, katika maeneo ya Wamakonde na Wamakua. Hutoka tena baharini karibu na Angoche, mji wa kale wa Waislamu wa pwani ambao lugha yake, Ekoti, ina msamiati mwingi wa Kiswahili juu ya msingi ulio karibu na Kimakua.

3.4 Kuelekea Antaktika

Baada ya Angoche hakuna mji tena. Mstari hupita katika Mlango wa Msumbiji, kati ya visiwa viwili vidogo vinavyotawaliwa na Ufaransa, yaani Bassas da India na Europa. Kisha ni maji matupu hadi Antaktika. Huko, karibu na pwani iliyoganda, kuna kituo cha utafiti cha Syowa kilichofunguliwa na Japani mwaka 1957, katika longitudo ya digrii 39.6. Mtafiti anayeliona jua likifika kileleni huko huwa analishiriki, kwa tofauti ya dakika moja au mbili, na muadhini wa Mombasa, mvuvi wa Mikindani na mkulima wa Yaroslavl.

4.0 Pande za Dunia Katika Kiswahili

Ukiitazama orodha ya miji ya mwambao na longitudo zake, utabaini jambo la kuzingatiwa. Lamu iko digrii 40.9, Malindi 40.1, Mombasa 39.7; Unguja Mjini 39.2, Kilwa Kisiwani 39.5; Mikindani 40.1, Kisiwa cha Msumbiji 40.7, na Angoche 39.9. Tofauti baina ya mji ulio mashariki zaidi na ulio magharibi zaidi haifiki digrii mbili. Kwa latitudo, hata hivyo, miji hiyo imetandaa kutoka digrii 2 hadi digrii 16 Kusini, masafa ya zaidi ya kilomita 1,500. Ni jamii ya watu iliyo ndefu na nyembamba.

Msamiati wa pande umefuata umbo hilo. Maneno kaskazini na kusini yameundwa kwa majina ya pepo mbili kuu, kaskazi na kusi, yakaongezewa kiambishi tamati cha mahali, -ni. Kaskazini ni kule kunakotoka kaskazi, upepo unaovuma kati ya Desemba na Machi, na kusini ni kule kunakotoka kusi, unaotawala kuanzia Aprili hadi Septemba hivi. Pande hizi mbili zilipewa majina na mabaharia, kwa kuwa ndiko walikokuwa wakienda na kutoka.

Mashariki na magharibi ni maneno ya namna nyingine. Yamekopwa kutoka Kiarabu yakiwa kamili, kwa mizizi inayohusu kuchomoza na kutua kwa jua. Mwanafunzi aangalie kwamba ma- iliyo mwanzoni mwa maneno haya si kiambishi cha ngeli ya wingi kama katika matunda au mawe. Ni sehemu ya umbo la Kiarabu linalotaja mahali au wakati wa tendo. Maneno ya Kibantu yenye maana ya karibu, mawio na machweo, yamebaki zaidi katika kutaja nyakati za jua na katika lugha ya ushairi. Kwa hiyo pande mbili zinazoandamana na longitudo zina majina yaliyoundwa hapa mwambaoni, na mbili zinazoikata longitudo zina majina ya kukopwa.

Lakini kaskazini na kusini si majina pekee. Katika Kiswahili cha zamani, hasa cha mabaharia na washairi, upande wa kaskazini uliitwa pia kibla au jaa, na upande wa kusini suheli. Jaa ni nyota ya ncha ya kaskazini, na suheli ni nyota angavu ya upande wa kusini. Kibla ndilo neno linalohitaji maelezo zaidi. Maana yake ya msingi ni upande wa Makka, anakoelekea Mwislamu anaposali. Upande huo hubadilika kulingana na mahali. Mtu aliye Muskati huelekea magharibi. Aliye Bujumbura huelekea kaskazini huku akielemea mashariki. Aliye Mogadishu huelekea kaskazini huku akielemea magharibi. Ni kwa nini basi neno hili lilipata maana ya “kaskazini” katika Kiswahili?

Jibu limo katika longitudo. Makka ni digrii 39.8, Mombasa ni 39.7. Mtu anayesali Mombasa, Malindi au Kilwa huelekea kaskazini hasa, kwa tofauti ambayo jicho haliwezi kuipambanua. Ndiyo maana mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Gede imo katika ukuta wa kaskazini, na makaburi ya kale ya mwambao yamelazwa kutoka mashariki hadi magharibi, ili maiti aelekezwe kibla. Mwashi aliyejenga mihrabu hiyo hakuwa na habari ya Greenwich. Hata hivyo, matumizi ya neno kibla kwa maana ya kaskazini ni ushahidi kwamba wazungumzaji wake waliishi katika mstari mmoja na Makka. Neno hilo lisingepata maana hiyo Muskati.

Vivyo hivyo kwa jaa. Nyota hiyo kwa kawaida haionekani kusini mwa Ikweta, na miji mingi ya Waswahili iko kusini mwa Ikweta. Neno limeingia Mombasa na Kilwa kutoka kwa watu waliosafiri hadi kule inakoonekana. Wanamaji wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota ili kujua latitudo yao. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika shairi refu la mafunzo kuhusu njia ya kwenda Sofala. Kupima longitudo baharini kwa usahihi kulikuja baadaye sana, katika karne ya 18, baada ya John Harrison wa Uingereza kuunda saa iliyoweza kustahimili safari ya merikebu. Baharia wa mwambao hakuathirika sana kwa kuikosa, kwani njia yake ilikuwa ya kaskazini na kusini, na nyota zilimtosha.

5.0 Hesabu ya Saa

Kwa kuwa longitudo ni suala la wakati, haikosi kugusa saa. Saa rasmi ya Kenya na Tanzania imewekwa kwa kufuata mstari wa digrii 45, ambao haugusi ardhi ya nchi yoyote kati ya hizo mbili. Ndiyo maana, katika mstari wa 40, jua hufika kileleni kwa wastani saa sita na dakika ishirini, wala si saa sita kamili.

Waswahili huhesabu saa kuanzia mawio na machweo, na hesabu hii inawafaa watu wa karibu na Ikweta, ambako usiku na mchana hukaribia kulingana mwaka mzima. Si Waswahili peke yao. Ethiopia nako, saa ya kwanza ya mchana huanza alfajiri inapokwisha, si usiku wa manane. Msafiri anayetoka Robe hadi Mikindani kwa kufuata mstari huu hana haja ya kubadilisha namna ya kuhesabu saa zake.

Akiuvuka Ruvuma, hali hubadilika. Msumbiji hutumia saa iliyo nyuma kwa saa nzima. Mikindani inapokuwa saa nne asubuhi, upande wa pili wa mto ni saa tatu, ilhali jua lililo juu ya Mmakonde wa Tanzania na Mmakonde wa Msumbiji ni lile lile.

6.0 Mipaka na Lahaja

Ruvuma ulifanywa mpaka kwa mapatano ya Ujerumani na Ureno ya mwaka 1886. Mwaka huo huo Uingereza na Ujerumani zilichora mpaka unaoanzia mlango wa Mto Umba, ambao leo ni mpaka wa Kenya na Tanzania. Mipaka yote miwili inapofika pwani huukata mwambao kwa upana, ilhali lugha ilikuwa imeenea kwa urefu: Kitikuu, Kipate na Kiamu, Kimvita, Kivumba na Kimtang’ata, Kipemba, Kitumbatu na Kiunguja, Kimgao, na Kimwani cha Cabo Delgado, kinachohesabiwa na baadhi ya wataalamu kuwa lugha jirani ya Kiswahili.

Athari za mipaka hiyo ni za kweli. Kivumba kilijikuta kikiwa na wazungumzaji katika nchi mbili. Kimwani kilibaki chini ya utawala wa Kireno, nje ya maeneo ambako Kiunguja, kilichochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, kilifundishwa shuleni. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, watu wengi wa Cabo Delgado wamelazimika kuhama makwao, wakiwamo wazungumzaji wa Kimwani. Lugha ndogo ya pwani inapopoteza vijiji vyake, huwa katika hatari hata kama wazungumzaji wenyewe wamenusurika, kwa maana watoto hukulia miongoni mwa lugha nyingine.

Kwa upande mwingine, mnamo Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC, ambayo Msumbiji ni mwanachama wake, iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Wako wanaoieleza hatua hiyo kana kwamba Kiswahili kinapelekwa kusini kwa mara ya kwanza. Historia ya mstari wa 40 inaonyesha vingine. Msamiati wa Kiswahili ulikwishafika Angoche kwa jahazi, karne nyingi kabla ya kufika huko kwa azimio la wakuu wa nchi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefuata longitudo ya digrii 40 Mashariki kutoka Aktiki hadi Antaktika. Imebainika kwamba majina ya pande za dunia katika Kiswahili, na hasa maana ya zamani ya kibla, hayawezi kufafanuliwa kikamilifu bila kuzingatia mahali wazungumzaji wake walipoishi. Imebainika pia kwamba mipaka ya 1886 iliikata jamii-lugha iliyokuwa imetandaa kwa urefu, na kwamba sehemu ya kusini ya jamii hiyo ndiyo iliyosahaulika zaidi.

Yapo mambo mawili yanayopendekezwa. Kwanza, kamusi na vitabu vya Jiografia kwa Kiswahili viwaeleze wanafunzi istilahi kwa maana zake, kama vile meridiani kuwa mstari wa adhuhuri, badala ya kutohoa neno na kuliacha lijieleze lenyewe. Pili, wanafunzi wa lahaja katika vyuo vya Kenya, ambao kwa kawaida hukomea Vanga, waelekeze utafiti wao kusini hadi Cabo Delgado na Angoche. Maneno ya pande za dunia ni mahali pazuri pa kuanzia. Muulize mvuvi mzee wa Siu, wa Vanga, wa Kilwa na wa Ibo anavyoita upande wa kibla, wa upepo na wa nyota, kisha linganisha majibu. Kazi hiyo haina budi kufanywa mapema, maana wanaoyajua maneno ya jaa na suheli kwa matumizi ya baharini wanapungua, na simu zenye ramani hazitumii maneno hayo.